Kiboko Asiyevuka Ziwa

Kiboko wa Rumonge hajavuka ziwa hata siku moja. Kasuku alilitangaza hilo asubuhi na jioni, kutoka kwenye mchikichi mrefu kuliko yote mjini, na kila mwenye masikio alisikia. Waliobaki na shaka ni wenye macho tu.

Kabla hatujaenda mbali, msinitafutie kabila la Kiboko. Naujua ufuo huu: ukitaja mnyama, msikilizaji wa mbele anauliza ni wa ukoo gani, na wa nyuma amekwisha kujijibu. Katika hekaya hii Kiboko ni yeyote anayekalia kiti, basi. Anayeondoka huiacha ngozi kitini, anayekuja huivaa.

Kiboko wa kwanza katika habari hii alikalia kiti cha Burundi Julai 1996. Wanadamu, ambao hawalali bila kukipa kila kitu jina, walimwita Meja Pierre Buyoya. Kiti hicho alikuwa amekwisha kukikalia miaka ya nyuma, akakitamani tena, akakirudia bila kupiga hodi. Aliyekuwa nacho, Ntibantunganya, siku hizo alikuwa amejibanza nyumbani kwa balozi wa Marekani. Hata wiki haikwisha, majirani wakakutana Arusha, Twiga akiwa mbele kwa urefu wa shingo, wakamfungia Kiboko njia. Petroli isiingie, kahawa isitoke. Vikwazo vikadumu hadi Januari 1999. Kwa watu wa ufuoni vilikuwa na maana moja: kilichokuwa kikiingia mchana kilianza kuingia usiku, kwa mtumbwi, kwa bei ya usiku.

Usiku huohuo ndio waliokuwa wakiutumia fisimaji. Hawa walishika silaha baada ya kuuawa kwa Melchior Ndadaye, rais aliyechaguliwa kwa kura, Oktoba 1993. Kundi lao la vita waliliita FDD, na mapango yao yalikuwa ng'ambo, pande za Uvira na Fizi. Walivuka gizani, wakajificha kwenye michikichi, wakaomba samaki kwa lile ombi lisilokataliwa. Asubuhi alipita Kiboko kuuliza ni nani aliyewapa fisimaji samaki. Ndagala, walio wengi kuliko viumbe wote wa ziwa hili na wasioulizwa jambo lolote isipokuwa hilo, walipigwa mara mbili kwa mlo ambao hawakuula. Zikaja nyakati hata taa za wavuvi zikazuiwa, na mtu wa Rumonge ukimzuia kuwasha taa usiku umemzuia kula.

Sasa tutazame ng'ambo, ambako milima ya Ubwari hujitokeza mvua ikishapita. Huko alitawala Chui mzee, miaka 32, na kwa majivuno alivaa kofia ya ngozi ya chui mwenzake. Wanadamu walimwita Mobutu. Katika milima ya Fizi aliishi Nungunungu, mpinzani wake tangu miaka ya 60, aliyekuwa akipigana na Chui kwa saa za kazi na kuuza dhahabu kwa saa zilizobaki. Mwaka 1965 alikuja mgeni mwenye ndevu kutoka Kuba kuwafundisha vita watu wa milima ile. Che Guevara akakaa miezi saba, akaondoka amekata tamaa. Nungunungu hakukata tamaa, kwa kuwa hakuwa na haraka.

Subira yake ililipwa Oktoba 1996. Nyuki wa vilima vya kaskazini, wadogo kwa umbo na wakali kwa nidhamu, pamoja na Korongo mwenye taji, walimtafuta mnyama wa Kongo wa kumweka mbele ili safari yao isionekane kuwa yao. Wakampata Nungunungu, wakambeba mabegani msituni na mtoni, na Mei 1997 wakamkalisha kwenye kiti cha Chui, Kinshasa. Laurent Kabila, waliandika wanadamu. Chui alikwenda kufia Morocco.

Kumbeba nungunungu kuna gharama yake, na wabebaji waliijua mwaka uliofuata. Mwisho wa Julai 1998 Nungunungu alisimama, akawashukuru waliomleta, akawaambia warudi makwao. Nyuki hawajazoea shukrani ya namna hiyo. Tarehe 2 Agosti vita vingine vikaanza, waliokuja kumweka wakaja kumwondoa. Angeondoka, lakini kutoka kusini walimkimbilia Tai wa Zimbabwe, Palahala wa Angola na Choroa wa Namibia, kila mmoja na sababu zake, nyingine zikiwa chini ya ardhi.

Na Kiboko? Kiboko hakuvuka.

Hapa nitamtendea haki. Alikuwa na sababu ya kuvuka, na haikuwa ya kubuni. Nungunungu, alipoachana na waliomleta, aliwapa fisimaji chumba na bunduki, kwa hesabu ya kale kwamba adui wa adui ni jirani mwema. Fisimaji walikuwa wakiua kweli, katika njia ya ziwani na vilimani. Mnyama yeyote mwenye nyumba angetaka kuwafuata walikolala. Ndiyo maana huwa nashangaa: sababu hii ilikuwa inasemeka mbele za watu, kwa nini isisemwe? Akina Nyuki walikuwa na sababu mbaya zaidi, na walizisema baada ya miezi michache.

Jibu, nadhani, ni kwamba aliyesema "nimevuka" ataulizwa "unarudi lini". Tena Kiboko alikuwa ametoka kufungiwa njia na majirani kwa kosa la kiti. Hakutaka kuwapa kosa la pili. Na huko Arusha alikuwa akizungumza amani na wapinzani wake mbele ya Mwalimu Nyerere, na baada ya Mwalimu kufariki, Oktoba 1999, mbele ya Mandela. Mbele ya wazee kama hao si vizuri kuonekana na matope ya nchi nyingine miguuni. Kwa hiyo Kiboko alilala Rumonge, akaamka Baraka, ng'ambo, na katikati hakuvuka.

Mama Mwari ndiye aliyemkuta. Huyu ni mchuuzi wa ndagala wakavu, ana mfuko chini ya mdomo wenye kuingia nusu ya soko, na kwa kuwa anaruka, mpaka haumsumbui. Siku hiyo alikuwa amepitia juu, milimani, kutafuta mteja aliyemkimbia na deni. Akamwona Kiboko amesimama kwenye shamba la mihogo, peke yake kama kijiji.

"Jambo, shefu. Habari za huku?"

"Umekosea, mama. Mimi siko huku."

"Nakuona."

"Unachoona ni doria."

"Doria ya wapi?"

"Ya ziwa. Tunalinda mpaka wa ziwa na biashara yake. Biashara yako wewe."

Mama Mwari akageuka kutazama alikotoka. "Ziwa liko kule chini, shefu. Kwa miguu yako ni mwendo wa siku nzima."

"Ziwa hili lina kina cha mita 1,470," akasema Kiboko. "Kitu chenye kina hicho hulindwa kwa mbali."

"Kina ni cha kwenda chini."

"Mama, wewe ni mwanajeshi?"

Mama Mwari hakuwa mwanajeshi. Lakini alikuwa na umri, na ubaya wa umri ni kumbukumbu. Akamkumbusha kwamba Twiga naye aliwahi kuingia nchi ya jirani, baada ya Idi Amin kumvamia Kagera mwaka 1978. Aliingia mchana, akatangaza redioni, akamfuata hadi Kampala, Aprili 1979. Walioona amekosea walijua wa kumlaumu, na alipowazika vijana wake kule Kaboya kila mmoja alijua amekufa akifanya nini.

"Twiga ana shingo ndefu," Kiboko akajibu. "Asingeweza kujificha hata angetaka."

Sitalikataa jibu hilo moja kwa moja. Nchi kubwa huingia vitani kwa mlango wa mbele kwa sababu haienei kwenye dirisha. Nchi ndogo ina anasa ya kukanusha. Tatizo la Kiboko ni kwamba hakuwa mdogo kwa wale aliowakanyagia mihogo. Mwenye shamba wa Fizi hakuwahi kusikia matangazo ya Kasuku. Alisikia vishindo tu. Na vishindo vikazidi kwenda kusini, mpaka vikasemwa kusikika pande za Moba, ambako hata kwa hesabu za Kiboko mwenyewe ni mbali mno kuwa doria ya Rumonge.

Julai 1999 wanyama waliochoka, au waliotaka kuonekana wamechoka, wakakutana Lusaka kuandika mkataba. Tarehe 10 zikawekwa saini sita: ya Nungunungu, Nyuki, Korongo, Tai, Palahala na Choroa. Kiboko hakusaini. Angesainije mkataba wa kutoka mahali ambapo hakuwa ameingia? Ila ndani ya karatasi hiyohiyo kulikuwa na orodha ya makundi ya kunyang'anywa silaha katika ardhi ya Kongo, na fisimaji walikuwamo, kwa jina lao kamili, FDD. Dunia nzima iliandikiwa kwamba fisimaji wa Burundi wako ng'ambo, na haikuandikiwa anayewakimbiza. Atakayesoma mkataba ule bila kujua ziwa letu atadhani fisimaji walikuwa wakijikimbiza wenyewe.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Juni, Nungunungu alikuwa amepeleka mashtaka kwa Kobe, hakimu wa dunia, anayeishi The Hague, kwenye baridi. Aliwashtaki watatu: Nyuki, Korongo na Kiboko. Kobe hana haraka, kila mtu analijua hilo tangu mashindano yake na Sungura. Januari 2001, ambao ndio mwezi aliouawa Nungunungu, kisha mwanawe akawekwa kitini, kesi ya Kiboko na ya Nyuki ziliondolewa na mshitaki mwenyewe. Ikabaki ya Korongo. Kobe akatoa hukumu Desemba 2005 kwamba Korongo alikosa, kisha akatulia afikirie fidia, akaitaja Februari 2022: dola milioni 325. Kiboko aliisoma habari hiyo gazetini, akamwambia mkewe kwamba kumbe hasara ya kuvuka ni kubwa, afadhali yeye ambaye hakuvuka.

Lakini nimewahi kufika 2022, na nimemruka mtu.

Ofisi ya bandari ilikuwa na karani, Kaa, ambaye tangu kuzaliwa hajawahi kwenda mbele. Siku moja ya mwaka 1999 alifika mbele yake kiboko jike aliyetoka vilimani kwa miguu. Mwanawe, ndama wa kiume, alikuwa amechukuliwa na jeshi, na barua zake zilikuwa zimekatika. Aliyerudi alikuwa mwenzake, tena usiku, aliyemwambia mama kwa sauti ya chini kuwa ndama amelala ng'ambo, juu ya Fizi, na kwamba asimtaje aliyemwambia.

"Nimekuja kuchukua mwili," akasema.

Kaa akafungua daftari, akalisoma kwa upande. "Mwili wa nani, mama?"

Akamtajia.

"Alikuwa wapi?"

"Mlimpeleka ng'ambo."

"Sisi hatujampeleka mtu ng'ambo. Kasuku ametangaza."

Yule mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema neno ambalo mawakili wote wa Lusaka na The Hague hawakulifikia. "Vizuri. Kama hajavuka, yuko upande huu. Nionyesheni."

Kaa akatazama dari. Akapekua kurasa. Akasema huenda ndama yuko kwenye mafunzo. Mama akauliza mafunzo ya wapi, atakwenda kumpelekea unga. Kaa akasema huenda alitoroka. Mama akaomba basi aandikiwe kuwa ametoroka, ili amtafute. Kaa akasema hawezi kuandika kuwa ametoroka kwa sababu kutoroka kuna adhabu, na adhabu inataka mtu. Akasema basi aandike kwamba alikufa kwa maji, wengi ufuoni hufa kwa maji, hakuna atakayeuliza.

"Kiboko?" akasema yule mama. "Kwa maji?"

Kaa akalifunga daftari akamwomba asubiri kwenye benchi.

Nikitoka nje ya hadithi kidogo: katika miaka ileile ziwa hili lilikuwa na mnyama maarufu duniani, mamba wa Ruzizi aliyepewa jina la Gustave, anayesemekana kula watu kutoka mtoni hadi fuo za Rumonge. Walikuja wazungu na kamera na tundu kubwa la chuma, wasimpate. Hollywood ikamtolea filamu mwaka 2007. Ndama waliofia Fizi hawakupata hata mstari katika daftari la Kaa. Ukitaka kuhesabiwa kwenye ziwa hili, uliwe na mwenye jina.

Mwaka 2002, Nyuki alipoafikiana na Kinshasa kule Pretoria na Korongo kule Luanda, Kiboko naye alirudi nyumbani kimyakimya, kwa njia ileile ambayo hakuwa ameipita. Amani ya Arusha ilikuwa imekwisha kusainiwa Agosti 2000. Fisimaji wakaacha mapango, wakaingia jeshini na katika siasa, na baada ya uchaguzi, Agosti 2005, kiongozi wao, Pierre Nkurunziza, akakikalia kiti. Ngozi walikuta imetandikwa. Iliwapwaya mwanzoni, wakanenepa ikawakaa.

Sasa wewe msomaji ungedhani fisimaji aliyeishi pangoni Fizi miaka yote hiyo, aliyesikia vishindo vya Kiboko akiwa upande wa kukimbia, ndiye angekuwa wa mwisho kuyarudia mambo hayo. Mimi pia ningedhani. Lakini ngozi ile inafundisha haraka. Baada ya vurugu za 2015 kizazi kipya cha fisimaji kilikimbilia mapango yaleyale. Hawa wanaitwa RED-Tabara. Na mwishoni mwa 2021 wakulima wa milima ya Uvira wakaanza kusimulia vishindo. Kasuku, yuleyule, manyoya mapya, akapanda mchikichi uleule: Kiboko hajavuka.

Kulikuwa na tofauti moja, nayo si ndogo. Agosti 2022 Kiboko alivuka mchana. Safari hii alialikwa na Kinshasa, kukawa na karatasi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, baadaye mapatano ya nchi mbili. Kasuku alibadili wimbo jioni moja bila kukohoa. Na aliyekuwa upande wa Nyuki dhidi ya Kinshasa mwaka 1998 sasa akawa upande wa Kinshasa dhidi ya Nyuki, ambaye naye, ni lazima niseme, ana kasuku wake. Februari 2025 Bukavu ilipoanguka, kasuku wa Nyuki alieleza kuwa wale walioiteka si nyuki hata kidogo, ni nyigu wa hukohuko Kongo, na kufanana kwa miiba ni jambo la maumbile. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika ripoti juu ya miiba hiyo. Ripoti ni nzuri, ina kurasa nyingi.

Ndagala hawasomi ripoti, wanatazama mitumbwi. Januari 2018, vita vya Fizi vilipochacha, maelfu ya wakimbizi wa Kongo walitua Rumonge na Nyanza-Lac katika siku chache, na kila vita vya ng'ambo vinapowaka tena wanakuja wengine. Rumonge huwapokea kwa ndagala na mawese na manung'uniko, maana hata wenyeji wake wengi wamewahi kuwa wakimbizi, wengine ng'ambo hiyohiyo. Kiboko anakwenda, mwenye mihogo anakuja. Mama Mwari anasema biashara kama hiyo yeye angeifunga.

Ofisi ya Kaa ipo. Kibao cha mlangoni kimebadilishwa: ilikuwa chini ya Bururi, mwaka 2015 Rumonge ikafanywa mkoa, mwaka 2025 mikoa ikapunguzwa hadi mitano na Rumonge ikaingizwa Burunga. Daftari halikubadilishwa. Ndilo lililokuwa mezani alipoingia mama fisimaji, mwaka huohuo wa 2025, kuuliza habari za mwanawe.

"Alivuka," akasema, akiwa tayari kubishiwa.

"Alivuka," Kaa akakubali, tena kwa fahari. "Hatukatai, mama. Tuna mkataba, tuna saini, tuna picha ya sherehe."

"Basi nimekuja kuchukua mwili."

Kaa akashuka kwenye kiti kwa upande. "Kuvuka kumekwisha kutangazwa. Kufa bado hakujatangazwa. Subiri kwenye benchi."

Kwenye benchi alikuwapo kiboko jike, mzee sana. Akasogea kumpa nafasi.

"Wako wanakiri alivuka?" akamuuliza.

"Wanakiri."

"Una bahati, mdogo wangu. Wangu bado yuko upande huu."